Kitanda usichokilalia: Mwanafunzi naye ana la kusema kuhusu shule yake

Mtoto akirudi kutoka shuleni, swali la kwanza la wazazi wengi ni moja: umejifunza nini leo? Swali ambalo wachache hulikumbuka ni hili: leo umekunywa maji mara ngapi, na umekwenda chooni mara ngapi?

Wapo watoto wanaomaliza siku nzima shuleni bila kugusa maji, na si kwa sababu hawana kiu. Wanajua kwamba wakinywa watalazimika kwenda chooni, na choo chenyewe ama hakina mlango, ama kina foleni isiyokwisha, ama wanafunzi wakubwa huwatoa wadogo kwa nguvu. Wamepiga hesabu yao kimyakimya wakaona afadhali kiu.

Hesabu hiyo ina gharama. Upungufu wa maji mwilini huleta maumivu ya kichwa, uchovu na kushindwa kutulia darasani. Kubana mkojo kila siku huongeza uwezekano wa kupata maambukizi ya njia ya mkojo, hasa kwa wasichana. Kubana haja kubwa huleta choo kigumu na maumivu ya tumbo. Mwalimu ataona mtoto mzito wa kuelewa. Mzazi atampeleka zahanati, atapewa dawa, na wiki mbili baadaye watarudi kulekule. Chanzo kiko shuleni, na anayekijua vizuri kuliko wote ni mtoto mwenyewe, ambaye hajaulizwa.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Shule ni kitanda ambacho watoto ndio wanaokilalia. Watu wazima hukitengeneza, hukilipia na hukisimamia, lakini kunguni wanang'ata wengine. Ndiyo maana katika nchi nyingi linaulizwa swali ambalo kwa wazazi wa zamani lingeonekana utovu wa adabu: je, mwanafunzi naye asikae na watu wazima wakati shule yake inapopangwa?

Sekunde 24 za choo

Chukua mfano wa shule ya msingi yenye wanafunzi 600, nusu wasichana na nusu wavulana. Kiwango kinachotajwa katika mwongozo wa vyoo vya shule Tanzania ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Shule hiyo ingehitaji matundu 15 ya wasichana na 12 ya wavulana. Sasa tuseme ina matundu sita tu ya wasichana, hali ambayo si ya kushangaza katika shule zilizofurika. Hapo kila tundu linahudumia wasichana 50.

Kengele ya mapumziko inapigwa. Muda ni dakika 20, yaani sekunde 1,200. Ukizigawa kwa wasichana 50, kila mmoja anapata sekunde 24 za kuingia, kujisitiri na kutoka. Bado hajanawa mikono, hajanywa uji. Aliye kwenye siku zake, anayehitaji kubadilisha pedi na kujisafisha, sekunde 24 hazimtoshi hata kufunga mlango, kama mlango upo.

Hesabu hii mwanafunzi wa darasa la sita anaiweza. Akipewa saa na daftari, atasimama pale wiki moja ahesabu waliofika, waliofanikiwa kuingia na walioondoka bila kujisaidia. Taarifa hiyo haiwezi kupatikana ofisini. Mwalimu mkuu ana choo chake, na mkaguzi hufika asubuhi moja kwa mwaka, siku ambayo vyoo vimeoshwa.

Watoto hao wakiulizwa wafanye nini, si lazima waanze kwa kudai majengo ya mamilioni. Wanaweza kupendekeza madarasa ya chini yatoke mapumziko dakika 20 kabla ya madarasa ya juu. Kila tundu lingebaki na wasichana 25 kwa zamu, na muda wa kila mmoja ungeongezeka maradufu bila shule kununua tofali hata moja. Kitasa cha ndani ni bei ndogo. Ndoo ya maji yenye kikombe, iliyowekwa ndani badala ya nje, humsitiri msichana asionekane akibeba maji kila mtu akijua anaenda kufanya nini.

Wanafunzi wanajua mengi ya aina hiyo. Wanajua uji unafika saa ngapi na nani hukosa kikombe. Wanajua ni kona gani ya uwanja ambako wadogo hunyang'anywa hela, na ni njia gani ya kurudi nyumbani ambayo wasichana huikwepa. Wanajua mwenzao gani mwenye ulemavu haji siku za mvua kwa sababu njia ya kwenda darasani imejaa tope. Haya yote ni mambo ya afya, na yote hukosekana kwenye kumbukumbu za vikao vya watu wazima.

Si jambo la kuletwa na wageni

Kuna wazazi wanaosikia maneno "ushirikishwaji wa watoto" na kudhani ni mtindo ulioingia na miradi ya wafadhili. Historia inasema vingine.

Mwaka 1967, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Julius Nyerere alieleza kwamba shule iwe jamii, na kwamba wanafunzi wawe na sauti katika maamuzi ya shamba na shughuli zake. Alitoa mfano wa fedha walizozipata kwa jasho lao: wao wenyewe wazungumze kama wazitumie kukodi trekta la kulimia, au walime kwa mikono na fedha ziende kwenye mahitaji mengine ya shule. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu hujifunza kuamua kwa kuamua na kuyaona matokeo ya uamuzi wake.

Katika shule nyingi shamba lilibaki lakini maamuzi hayakubaki. Wanafunzi waliendelea kushika jembe, na mipango ikarudi ofisini. Mzazi aliyesoma miaka ya themanini au tisini anakumbuka kumwagilia bustani ambayo mboga zake hakuwahi kujua ziliishia wapi.

Afrika nzima ina kumbukumbu nzito zaidi. Tarehe 16 Juni 1976, maelfu ya wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, waliandamana kupinga amri ya kufundishwa kwa Kiafrikana. Walikuwa wanazungumzia jambo la darasani kabisa, yaani lugha wanayofundishiwa masomo yao. Walijibiwa kwa risasi, na miongoni mwa waliouawa alikuwa Hector Pieterson, mtoto wa miaka 12. Siku hiyo ndiyo inayoadhimishwa tangu 1991 kuwa Siku ya Mtoto wa Afrika. Kila Juni watoto huvalishwa fulana, huimba na kusoma risala mbele ya mgeni rasmi. Ni wachache wanaoambiwa kwamba siku hiyo ilitokana na wanafunzi waliotaka kusikilizwa kuhusu shule zao.

Sheria nazo zipo. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unasema katika ibara ya 12 kwamba mtoto mwenye uwezo wa kuwa na maoni yake ayatoe kwa uhuru katika mambo yanayomhusu, na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na upeo wake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya Tanzania Bara, kifungu cha 11, inampa mtoto haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Choo cha shule kinagusa ustawi wake. Uji nao, na hata fimbo.

Ngazi ya vidato vinane

Kusema watoto wanashirikishwa ni rahisi, kwa kuwa kila shule ina viranja. Tatizo ni kwamba kiranja katika shule nyingi huchaguliwa na walimu, kazi yake ni kuandika majina ya wapiga kelele, na taarifa husafiri njia moja tu, kutoka juu kwenda chini. Huyo ni msaidizi wa mwalimu. Si mwakilishi wa wanafunzi.

Mtafiti Roger Hart, katika andiko lililochapishwa na UNICEF mwaka 1992, alichora ngazi ya kupima ushiriki wa watoto, yenye vidato vinane. Vidato vitatu vya chini, kwa maelezo yake, si ushiriki kabisa. Cha kwanza ni kuwatumia watoto kusukuma ajenda ya wakubwa bila wao kuielewa. Cha pili ni kuwafanya mapambo, kama wale wa fulana za Juni. Cha tatu ni kumpa mtoto mmoja kipaza sauti ili ionekane wamesikilizwa, huku uamuzi ulishapita.

Ushiriki huanza kidato cha nne, pale watoto wanapopewa jukumu na kuelezwa sababu zake. Ukipanda, wanaulizwa maoni na kurudishiwa majibu. Ukipanda zaidi, wanaamua pamoja na watu wazima. Kidato cha juu kabisa, katika mchoro wa Hart, hakimwachi mtoto peke yake. Hapo wazo hutoka kwa watoto, na uamuzi hufanywa na watoto pamoja na wakubwa. Hilo linafaa kuwatuliza wanaoogopa kwamba mwisho wa safari ni shule kuendeshwa na watoto.

Mzazi anaweza kuitumia ngazi hiyo katika kikao chochote cha shule. Mwalimu mkuu akisema "wanafunzi wameafiki", swali linalofuata liwe: waliulizwa lini, na nini kilibadilika baada ya wao kusema?

Ushahidi kutoka Luwero

Je, kuna faida inayopimika, au ni maneno matamu tu? Moja ya majibu bora yametoka Uganda.

Shirika la Raising Voices la Kampala lilitengeneza mpango wa Shule Bora, unaopitia hatua sita na kutumia shughuli zaidi ya 60, kwa lengo la kupunguza ukatili katika shule za msingi. Walimu, uongozi, wanafunzi na jamii inayoizunguka shule hukaa pamoja, hujiwekea malengo na hufuatilia utekelezaji wake. Wanafunzi huunda kamati zao, hushiriki kutunga kanuni za shule, na walimu hujifunza njia za kurekebisha makosa bila kipigo.

Watafiti wakiongozwa na Karen Devries waliupima mpango huo katika shule 42 za wilaya ya Luwero. Kwa kura, shule 21 zilianza kuutumia na 21 zikasubiri. Baada ya miezi 18, wanafunzi waliulizwa kama katika wiki iliyopita walipigwa au kuumizwa na mfanyakazi wa shule. Katika shule zilizosubiri, karibu asilimia 49 walisema ndiyo. Katika shule zilizotumia mpango, walikuwa asilimia 31. Wanafunzi wa shule hizo pia walijisikia salama zaidi na kuwa sehemu ya shule yao. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2015 katika jarida la kitabibu la The Lancet Global Health.

Mambo mawili yafaa yasemwe kwa uaminifu. La kwanza, asilimia 31 bado ni watoto wengi mno, karibu mmoja kati ya watatu, kwa wiki moja tu. La pili, utafiti haukuonyesha kwamba alama za mitihani zilipanda katika muda huo. Anayetafuta dawa ya kufaulisha asije hapa akidanganywa. Lakini hofu ya fimbo ilipungua bila masomo kuharibika, na wale waliosema mtoto asipopigwa hafundishiki hawakupata ushahidi wa kuwaunga mkono.

Mtoto kwa mtoto

Kwa upande wa afya, wazo la kumfanya mwanafunzi mshirika lina umri wa zaidi ya miaka 40. Mwaka 1978, kuelekea Mwaka wa Kimataifa wa Mtoto wa 1979, wataalamu wa afya na wa elimu katika Chuo Kikuu cha London walianzisha mpango wa Mtoto kwa Mtoto. Miongoni mwao walikuwa mwalimu Hugh Hawes na Dkt David Morley, daktari wa watoto ambaye kazi yake Nigeria ilizaa kadi ya ukuaji, ile ambayo mfano wake kila mama anaujua kliniki kwa mstari wake wa uzito.

Waanzilishi waliona jambo ambalo kila familia ya Kiafrika inalijua: mtoto wa miaka kumi tayari ni mlezi. Anambeba mdogo wake, anachota maji, anapika uji. Badala ya kumkaririsha sababu za kuhara, apewe nafasi ya kuchunguza. Watoto huchagua tatizo, hulifuatilia nyumbani na mtaani, huleta walichokiona darasani, hupanga la kufanya, hulifanya, kisha hupima kama limesaidia na kulirekebisha.

Mpango huo ulienea katika nchi nyingi, zikiwemo za Afrika Mashariki. Unapofanyika vizuri, mtoto hutumia hesabu kuhesabu wagonjwa wa kuhara, na Kiswahili kuandika barua kwa mwenyekiti wa mtaa. Unapofanyika vibaya, watoto hugeuzwa kipaza sauti cha kubeba ujumbe waliopewa na wakubwa, wakarudi kwenye vidato vya chini vya ngazi ya Hart.

Gharama ya kutosikiliza

Kenya imelipa gharama kubwa. Machi 2001, wavulana 67 walikufa usiku mmoja bweni la Shule ya Sekondari Kyanguli, Machakos, lilipochomwa moto. Mwaka 2016 shule zaidi ya 100 zilikumbwa na visa vya kuchomwa. Moto wa makusudi ni uhalifu, na hakuna chakula kibovu kinachouhalalisha. Lakini uchunguzi wa mara kwa mara umekuwa ukikutana na malalamiko yanayofanana: chakula, msongamano, hofu ya mitihani, uongozi mkali, na wanafunzi kukosa njia ya kufikisha shida zao wakasikilizwa kabla hazijachacha.

Baada ya wimbi la vurugu la mwaka 2008, serikali ya Kenya na UNICEF walisaidia kuanzisha Baraza la Wanafunzi wa Shule za Sekondari mwaka 2009. Shule zikahimizwa ziache viranja wa kuteuliwa na kuwa na viongozi wanaochaguliwa na wanafunzi wenyewe. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikaenda mbele zaidi: mwakilishi wa baraza la wanafunzi ni mjumbe wa bodi ya shule kwa wadhifa wake.

Kwamba moto uliendelea hata baada ya sheria hiyo ni funzo lenyewe. Kiti kwenye bodi si kusikilizwa. Mwanafunzi mmoja akiingizwa kikaoni kwa dakika tano, akasoma risala iliyopitiwa na mwalimu, kisha akatolewa nje kabla mjadala haujaanza, shule imetimiza maneno ya sheria na kukosa maana yake.

Hofu za watu wazima

Walimu wengi wana hofu, na si zote za kupuuzwa. Mwalimu mwenye wanafunzi 90 darasani, anayedaiwa matokeo na ofisi ya wilaya, anaweza kuona baraza la wanafunzi ni mzigo mwingine. Mwingine anahofu kudhalilishwa mbele ya watoto.

Dawa ya hofu hizo ni mipaka iliyo wazi. Afrika Kusini imeandika mipaka hiyo katika sheria yake ya shule ya mwaka 1996. Wanafunzi wa kuanzia darasa la nane huwakilishwa kwenye bodi ya shule, lakini aliye na umri mdogo hawezi kuingia mkataba kwa niaba ya shule wala kupigia kura maazimio yanayoiwekea shule madeni. Anazungumza na anasikilizwa, ila mzigo wa kisheria unabebwa na watu wazima.

Vivyo hivyo, mishahara, nidhamu ya mwalimu binafsi na siri za mwanafunzi mwingine si mambo ya baraza. Ratiba ya uji, usafi wa vyoo, usalama wa njiani, kanuni za shule, michezo na matumizi ya maktaba ni mambo yao kabisa. Hata fedha wanaweza kuelezwa. Ruzuku ya serikali imekadiriwa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari kwa mwaka. Mwanafunzi anayejua shule ilipata kiasi gani na kilikwenda wapi ataelewa kwa nini mlango wa choo unasubiri muhula ujao, na pengine atapendekeza njia nafuu zaidi.

Kuhusu heshima, mila za hapa hazikumfundisha mtoto kunyamaza daima. Zilimfundisha namna ya kusema: kwa wakati wake, kwa lugha ya adabu, na mara nyingi kupitia kwa shangazi, mjomba au bibi. Baraza zuri la shule hufanya kazi ileile ya shangazi. Humpa mtoto mlango wa kupitisha neno bila kumvunjia mtu heshima.

Hatari kubwa zaidi iko kwa mtoto anayesema. Akilalamikia chakula leo, kesho akachapwa kwa "kosa" lingine, shule nzima itakuwa imejifunza kunyamaza. Kwa hiyo ulinzi wake upangwe kabla ya kumwomba maoni.

Mzazi aanzie wapi

La kwanza ni nyumbani. Mtoto ambaye hajawahi kuulizwa maoni yake mezani hawezi kuyatoa ghafla mbele ya mwalimu mkuu. Mwachie aamue mambo ya kiasi chake, kwa mfano zamu za kuosha vyombo kati yake na ndugu zake, au saa ya kusoma jioni. Akikosea, mwache aone matokeo, kisha mzungumze.

La pili ni kuuliza maswali yenye jibu. Badala ya "shule iko vipi?", uliza vyoo vina milango mingapi, maji ya kunawa yapo, nani hakupata uji leo, na ni mahali gani shuleni anaogopa kupita peke yake.

La tatu ni kikao cha wazazi. Omba ajenda ya wanafunzi iwe miongoni mwa za mwanzo, isisubiri watu wanapoanza kuaga. Wawakilishi wawe angalau wawili, msichana na mvulana, wachaguliwe na wenzao, wala wasiwe wale wanaoongoza mitihani peke yao. Mtoto mwenye ulemavu na yule wa darasa la chini wawe na njia yao ya kusema.

La nne ni sanduku la maoni. Likiwekwa mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu, litakaa tupu. Liwekwe mahali mtoto anapoweza kupita bila kutazamwa. Funguo asikae nazo mtu mmoja; lifunguliwe kwa siku inayojulikana, mbele ya mwalimu wa ushauri nasaha, mwakilishi wa wazazi na wa wanafunzi. Kisha majibu yabandikwe ubaoni: hili tumelifanya, hili tutalifanya muhula ujao, hili haliwezekani kwa sababu hii. Jibu la "haiwezekani" lenye sababu hujenga imani kuliko ukimya.

La tano ni kujua yasiyo ya baraza. Mtoto akisema ameguswa vibaya, amebakwa au anatishiwa na mtu mzima, jambo hilo halijadiliwi kikaoni wala halisuluhishwi kifamilia. Apelekwe kituo cha afya mapema iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa 72, ili apate dawa za kumkinga na VVU. Taarifa ifike Dawati la Jinsia na Watoto la polisi au kwa ofisa ustawi wa jamii. Simu ya Mtoto, namba 116, hupigwa bure.

Hakuna kati ya haya kinachohitaji mradi wala mfadhili. Saa ya ukutani, daftari na watoto wawili wa kuhesabu foleni vinatosha kuanzia. Muhula unapofunguliwa, wazazi wataitwa kikaoni kama kawaida, na ajenda itakuwa michango, sare na matokeo. Mmoja wao akinyoosha mkono na kuuliza wanafunzi wenyewe wanasemaje, pengine ukumbi utanyamaza kidogo. Baada ya hapo, aitwe mtoto aje aeleze kuhusu choo.